Upande Gani

Nyumbani, 7 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Naamini ulifika salama, na kwamba abiria uliyeketi naye hakukusimulia maisha yake yote kama yule wa safari iliyopita. Sisi tunaendelea. Baba bado anapaka rangi lile jengo refu la benki. Anarudi jioni nywele nyeupe kama babu, na mdogo wangu Kibogoyo humshika mkono kumvusha sebuleni akisema, "Pita mzee, pita." Baba anakusalimu. Maneno yake ni haya: "Mwambie Nungunungu kwamba tangu aondoke na miiba yake nimepata mahali pa kukaa." Kibogoyo mwenyewe ameota jino moja la mbele, limekaa upandeupande, na sasa anadai tuanze kumwita kwa jina lake. Hakuna anayekubali.

Mimi nimechaguliwa kuwa katibu wa klabu ya sayansi. Usinipongeze. Walinichagua kwa sababu siku ya kura sikuwepo, kwa hiyo sikuweza kukataa. Katibu husoma makala mbele ya wanafunzi wote, na nikiliwaza hilo tu natamani kuhama shule. Nimeamua kuandika juu ya kazi yako ya tiba ya sindano, zile nyembamba zisizo na dawa ndani, maana katika shule nzima hakuna mwingine mwenye mama mdogo anayechoma watu sindano nao wakamshukuru.

Maktabani kuna kitabu kimoja tu kinachoitaja. Kina picha ya mtu aliyechomwa uso mzima huku anatabasamu. Juu ya madhara hakisemi kitu. Naomba basi uniandikie: madhara ya tiba hii ni yapi? Yapi ya kawaida, na yapi ya kuogopesha? Kwa mfano, mtu akichomwa begani, halafu siku zinazofuata akawa anahema akitoka tu bombani na ndoo, na akivuta pumzi ndefu anasikia kitu kinamkata kifuani, je, hayo nayo ni ya kawaida? Ni mfano tu.

Mama anakusalimu sana. Ameniambia nikuandikie kwamba bega limepata nafuu, na ndivyo ninavyoandika. Leo hajakaa kwenye cherehani.

Mwanao,
Profesa


Chumba cha nyuma, zahanati, 21 Februari

Profesa wangu,

Marahaba, na hongera ambayo umenikataza kukupa. Nilifika salama. Jirani yangu wa safari alilala begani kwangu njia nzima, akaamka akaniuliza kama nimelala vizuri. Mwambie baba yako miiba yangu inauzwa kwa pakiti, akitaka nitamletea ya kwake akalie. Na Kibogoyo avumilie. Jina likishaota halianguki kama jino.

Hapa kazi ipo. Mkubwa wetu wa zahanati ameweka pazia jipya kati ya vitanda, la maua, na wagonjwa wanasema sasa wanaumwa kwa raha. Tangu nirudi naota mikate ya mama yako. Mwambie pia kwamba koti langu la kazi limepata doa la aiodini mbele kabisa. Aliniahidi jingine tangu mwaka juzi. Namkumbusha kwa heshima zote.

Sasa makala yako. Andika ukweli wote, usinipambe. Na siku ya kuisoma tazama dirisha la nyuma, usitazame nyuso za watu. Mtu akichomwa anaweza kutokwa na damu kidogo, tone tu, au kuvilia. Anaweza kusikia maumivu mahali palepale kwa siku moja au mbili, au kusinzia. Wengine huishiwa nguvu na kuzimia, hasa wenye hofu na wale waliokuja bila kula. Ndiyo maana tunawalaza. Sindano lazima iwe mpya, hutumika mara moja kisha inatupwa kwenye kopo lake. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine huleta ugonjwa wa ini na mengine mabaya. Mtu akikwambia ameichemsha, toka mbio.

Kabla ya kufungua pakiti tunauliza. Umekula? Una mimba? Unakunywa dawa za kuzuia damu kuganda? Una kifaa moyoni? Umewahi kuugua mapafu? Wagonjwa huchoka na maswali yangu. Juzi bibi mmoja aliniambia, "Binti, nimekuja kuchomwa, sijaja kuposwa."

Hilo la mapafu naliuliza kwa sababu lipo jambo moja ambalo hata kuliandika naogopa. Juu ya bega, kuelekea shingoni, na mgongoni pia, mapafu hayako mbali na ngozi. Kwa mtu mwembamba, au ambaye mapafu yalishawahi kuugua, sindano ikiingia wima kupita kiasi inaweza kulitoboa pafu. Hewa huvuja, hujaa kifuani, na pafu linasinyaa. Ni nadra sana. Huwapata wale wanaochoma bila kujifunza.

Kwa hiyo mfano wako si wa kawaida hata kidogo. Mtu wa namna hiyo asingoje kesho. Aende hospitali, na aseme wazi kwamba alichomwa sindano na alichomwa wapi. Umeutoa wapi mfano huo? Hicho kitabu chenu kinatisha kuliko mimi.

Mbusu dada yangu. Mwambie asiinamie sare za watu mchana kutwa, bega halina vipuri.

Mama yako mdogo


Nyumbani, 10 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nzuri ilinisubiri mezani siku kadhaa kabla sijaisoma. Baba amemaliza jengo la benki, sasa anapaka madarasa ya shule ya watoto. Kila darasa mwalimu wake anataka rangi yake, na baba anasema kuwapaka walimu wenyewe ingekuwa kazi rahisi. Kibogoyo amepata jino la pili. Mawili hayo hayapatani.

Makala niliisoma. Niliangalia dirisha la nyuma muda wote kama ulivyonifundisha, nikafika mwisho bila kuanguka. Wanafunzi walipiga makofi. Mmoja aliuliza kama ni kweli watu hulipa ili wachomwe, wakacheka wote, nami nikasahau jibu nililoandaa. Ile sehemu ya mapafu sikuisoma. Nilisema muda umeisha.

Mama alilazwa hospitali mwezi uliopita. Baba alisema tusikutie wasiwasi, na mama naye akasema hivyohivyo, kwa hiyo nilingoja. Sasa yuko nyumbani. Ni kifua. Wamempa dawa, na wamemkataza kuinua vitu. Anakaa kitandani, dirisha likiwa wazi, na wateja wanaokuja kuchukua sare wanapokelewa na mimi. Sijui kuongea nao. Nawapa sare, wananiuliza hali ya mama, nasema asante.

Yale maswali unayouliza kabla ya kufungua pakiti, Mama mdogo, huwa unamuuliza kila mtu?

Mwanao,
Profesa


Zahanati, 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa ni wazima. Pazia la maua limeshachanika.

Barua yako imenikosesha raha. Nilipiga simu siku hiyohiyo, nawe bila shaka ulikuwapo ukasikia. Mama yako alicheka sana. Aliuliza habari za Mkubwa, akauliza kama bado napika wali ukawa uji, halafu akasema, "Ngoja mdogo wangu, kuna mteja mlangoni," akakata. Mteja gani, nawe uliandika kwamba wateja unawapokea wewe? Na kicheko kile kilikuwa cha kukatakata, kama anakiazima kwa mtu.

Nikampigia baba yako. Akasema, "Ni kifua, shemeji." Tangu amwoe dada yangu hajaniita shemeji hata mara moja.

Wewe ndiye unayeandika mambo kama yalivyo. Dokta alisema nini hasa? Je, walimpiga picha? Walimwekea mrija ubavuni? Kama walimwekea, upande gani? Niandikie hilo tu, upande gani. Mimi nilimchoma begani yeye akiwa mzima, na kifua huja na mambo mengi, vumbi la vitambaa, baridi, chochote. Nataka tu kujua.

Mwambie koti si lazima.

Mama mdogo


Nyumbani, 20 Aprili

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mvua imeanza na kazi ya baba imesimama, maana rangi haikauki. Yuko nyumbani mchana kutwa, anarekebisha vitu ambavyo havijaharibika. Amekaza bawaba za mlango mpaka sasa haufungi.

Koti limeanza. Ulisema si lazima, nikamfikishia, akajibu, "Huyo tangu lini akajua lililo lazima?" Alinituma dukani nikanunue kitambaa kizito cheupe. Nikaleta, akakirudisha, nikaleta kingine. Anakata akiwa kitandani, juu ya ubao wa kupigia pasi. Anakata kidogo, anaweka mkasi chini, anatazama dirishani kama mtu anayesubiri jina lake liitwe, halafu anashika tena. Cherehani nakanyaga mimi. Yeye anasema, "Taratibu. Umefika kona, inua mguu. Sindano ibaki ndani ya kitambaa unapogeuza, ukiitoa utapoteza mstari." Nimeharibu mfuko mmoja. Amesema hautaonekana, wewe huwa unaficha peremende humo hata hivyo.

Amekonda. Vipimo vyako anavikumbuka bila kuandika popote. Ananiambia jinsi ulivyokuwa ukikataa kusimama wima alipokushonea sare ya kwanza, ukawa na upindo mmoja mrefu mwaka mzima. Akisimulia anacheka, akicheka anakohoa, kwa hiyo siku hizi namwomba asisimulie.

Umeuliza upande. Kibogoyo anakusalimu.

Mimi pia niliuliza jambo, na hukunijibu.

Mwanao


Zahanati, 5 Mei

Mwanangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyohitaji.

Kuna habari. Agosti zahanati itapokea wanafunzi wawili wa kujifunza tiba ya sindano, na Mkubwa amenichagua mimi niwafundishe. Nilimpigia mama yako kumwambia. Nikadhani laini imekatika, kumbe analia. Alisema, "Sasa nimemaliza kushona." Unajua alishona sare za watoto wa watu kwa miaka mingi ili mimi nisome. Sikuwahi kumsikia akifurahi hivyo.

Baada ya kuongea naye sikutoka kwenda kusherehekea. Wiki hizi nawachoma wagonjwa miguuni na mikononi tu. Wanaokuja na mabega nawapeleka kwa mwenzangu. Mkubwa ameniuliza kama naumwa macho.

Usinieleze yote kama hutaki. Neno moja linatosha, kulia au kushoto. Nimeomba likizo ya Julai, nitakuja, lakini usiningojeshe mpaka Julai.

Mama mdogo


Nyumbani, 2 Julai

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tumebaki watatu na nyumba imekuwa na sauti nyingine. Kibogoyo ameacha kudai jina lake. Anaitika chochote. Baba ameifunika mashine ya kushonea kwa shuka, halafu akaifunua, halafu akaifunika tena.

Ulipokuja Juni kwa mazishi sikuzungumza nawe, na nadhani ulidhani nina hasira. Nilikuwa naosha vikombe. Kila kikombe kilichorudi nilikiosha, na visipokuja niliosha vilivyo safi. Wewe ulikaa chini ukaegemea ukuta wa chumba cha kazi, chini ya mapande ya sare yaliyotundikwa, na kila nilipopita uliniangalia. Mtu anayejua hatazami vile, na asiyejua pia hatazami vile. Baba alikukaribisha chakula, akakuita shemeji tena, nikaona umeinamisha kichwa.

Nilimwahidi mama kwamba sitakwambia. Nimekaa na ahadi hiyo tangu Aprili, na leo naivunja. Sijui kama nafanya vema. Nimetafuta vitabuni mtu aliyewahi kuvunja ahadi ya namna hii na ikawa sawa, sikumpata.

Uliniomba neno moja. Kulia.

Sasa nakueleza yaliyobaki. Ulimchoma Jumamosi. Jumapili alfajiri alikusindikiza kituoni, ulimwona amesimama akipunga mkono. Alikuwa anapunga wa kushoto. Ulipoondoka tu aliketi juu ya jiwe la ukingo wa barabara, akamwambia baba, "Tupumzike kidogo." Baba alidhani ni huzuni ya kuachana na wewe. Alikuwa ameanza kusikia kichomi tangu Jumamosi jioni, wewe ukipanga begi lako. Hakusema, ili usafiri kwa amani. Ndipo nilipokuandikia ile barua ya makala. Mfano haukutoka kitabuni.

Kesho yake nikiwa shuleni alishindwa kuongea, baba akambeba. Picha ilionyesha pafu la kulia limesinyaa kama ulivyoandika. Walimwekea mrija. Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodini, na yeye upande wa pili wa ukuta ana mrija huo ubavuni. Nilipofika pale uliposema ni nadra sana, niliikunja.

Wakasema pafu lingefunguka upesi kwa mtu mwingine, lakini la mama lilikuwa na makovu. Mama mdogo, mwaka ule ulipokuwa masomoni, mama aliugua kifua kikuu. Mimi nilikuwa mdogo kama Kibogoyo, niliambiwa vile vidonge vya asubuhi ni vya kuongeza damu. Alimeza mpaka akapona kabisa. Wewe hukuambiwa kwa sababu alisema ungeacha masomo ukarudi kumwuguza, na yeye hakushona sare zote zile ili uje kukoroga uji.

Dokta alimuuliza baba, "Aliyemchoma hakumuuliza kama amewahi kuugua mapafu?" Baba akasema, "Aliyemchoma ni mdogo wake." Dokta akarudi kwenye karatasi zake, kana kwamba amejibiwa.

Aliporudi nyumbani nafuu ilikuja kidogo, ikakwama hapo. Mwishoni mwa Mei akapata homa ya mapafu, na lile la kulia halikuweza kusaidia. Hilo la mwisho unalijua.

Aliniahidisha mapema, siku tulipoanza kukata koti. Alisema, "Ukimwambia ataweka sindano chini siku hiyohiyo. Namjua. Tangu mtoto, akivunja kikombe halii, anaacha kunywa chai." Nikamuuliza kama amekukasirikia. Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kipumbavu. "Mimi ndiye niliyeficha," akasema. "Yeye angejuaje?" Nikataka kumwambia kwamba ungejua kama ungeuliza. Badala yake nikamshikia kitambaa akate.

Nakuandikia kwa sababu ya wanafunzi wawili wa Agosti. Wewe utawaonyesha pa kuchoma, na watakuamini, kwa kuwa unafundisha vizuri, hata mimi ulinifundisha kusoma mbele za watu. Nikinyamaza utaendelea kuwaza kulia au kushoto, kulia au kushoto, huku unawafundisha. Na wao watakwenda makwao siku za likizo, watakuta mama zao wana mabega yanayouma.

Koti liko ndani ya kifurushi hiki. Lina kila kitu isipokuwa vishimo vya vifungo. Vifungo vyenyewe vimo mfukoni, ule niliouharibu.

Nimekuuliza mara mbili jambo moja. Sasa unajua kwa nini.

Mwanao


Nyumbani, 12 Agosti

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Posta wanasema kifurushi kilipokelewa na sahihi ipo.

Simu yako haiiti. Baba amejaribu. Nilimwambia nilichokuandikia, nikangoja anigombeze. Alikuwa anasafisha brashi, akaendelea kuisafisha mpaka maji yakawa meupe, akasema, "Mama yako angetununia sote wawili." Jana akaniuliza, bila kunitazama, "Nungunungu ameandika?" Nimeona nikuandikie hilo, hata kama huna la kujibu.

Kibogoyo amegundua kwamba akiweka ulimi kati ya meno yake mawili anapiga mluzi. Nyumba ilikuwa kimya, sasa haiko kimya.

Nasubiri.

Mwanao


Zahanati, 28 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, marahaba kwa barua zote mbili. Nisamehe kwa ukimya. Mwambie Kibogoyo mluzi ni kipaji, na mwambie baba yako Nungunungu ameandika.

Mama yako alinijua. Siku niliyopokea kifurushi niliweka sindano chini. Sikuenda kazini, sikufungua mlango, simu niliizima nikaiweka ndani ya sufuria. Mkubwa alikuja mwenyewe akagonga mpaka nikafungua. Nikampa barua yako aisome, kwa sababu kuisema nisingeweza. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa. Amepeleka habari kwa wakubwa wa tiba, na mpaka wakae waseme neno lao, sitamchoma mtu. Sikubishana naye. Watu walioniamini watatibiwa na mwenzangu.

Sijui watasema nini. Ukitaka kujua kama nitashika sindano tena, nami sijui. Nikiiangalia pakiti namwona dada yangu kituoni anapunga mkono wa kushoto. Nilimwona, unajua. Nikawaza, leo mkono wa kulia umepumzika, dawa imefanya kazi. Niliondoka nikiwa na furaha.

Sina hasira na wewe kwa kuvunja ahadi. Nami nilikuwa na yangu ya kukujibu, nikaipita mara mbili kama mtu anayevuka barabara asimsalimie anayemdai. Uliuliza kama huwa namuuliza kila mtu. Wageni huwa nawauliza. Yule bibi aliyesema hajaja kuposwa nilimuuliza mpaka akachoka. Dada yangu sikumuuliza. Nilidhani mapafu yake nayajua kama ninavyojua kicheko chake. Na kuchoma juu ya bega kwa mtu mwembamba kama yeye, wima, nilijua haifai. Alisema, "Choma vizuri basi, si kunitekenya," nikacheka, nikachoma.

Wanafunzi wamefika, msichana na mvulana, na Mkubwa alisema kuongea si kuchoma, niingie. Niliingia nimevaa koti. Halina vishimo vya vifungo, nimelishika kwa mkono muda wote. Linanitosha kila mahali.

Niliwaandikia maswali ubaoni, yaleyale niliyokutumia. Yule mvulana akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kama mgonjwa ni mtu unayemjua?" Aliuliza kwa wema tu, alitaka kujua. Nikavuta kiti, nikakaa, nikawasimulia, tangu bega mpaka mrija. Sikumtaja kama mgonjwa fulani. Nilisema dada yangu.

Halafu msichana, ambaye ana aibu kama wewe na anaongea akitazama meza, akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, hukumuuliza kitu chochote?"

Nikamwambia nilimuuliza kimoja. Nilikuwa nimenawa mikono, nimefungua pakiti. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kigoda cha cherehani amenipa mgongo, gauni ameliteremsha, ananisimulia habari za meno ya mwanawe. Nikamuuliza, "Bega lipi?"

Akasema, "La kulia."

Mama yako mdogo